Jina Langu Liko Kwenye Hati Tu

Watu wakinipongeza kwa kuwa na nyumba yangu huwa natabasamu tu, kwa adabu. Eti "sasa uko kwako, hakuna wa kukusumbua." Hakuna wa kunisumbua! Hati ina jina langu, hilo silikatai, na ankara zote zinakuja kwa jina langu. Lakini ukikaa ukahesabu nani anakula nini humu, nani analala wapi na nani anapita bila kupiga hodi, utagundua mpangaji ni mimi. Tena mpangaji pekee anayelipa.

Nianze na mchwa, maana wao ndio wenyeji tangu kiwanja hiki kikiwa pori. Mchwa hana kelele wala haraka. Siku moja naegemea fremu ya mlango nivue kiatu, kidole kikazama. Rangi ipo, mbao haipo. Nikamwita fundi. Akagonga hapa, akagonga pale, akatega sikio, akatoa hukumu: "Hii wameshaimaliza, mzee. Wamekuachia rangi." Wamekuachia rangi! Yaani nishukuru.

Halafu akanionyesha zile njia za udongo zinazopanda ukutani, upana wa kalamu, ambazo mimi nilidhani ni uchafu wa mvua. Kumbe ni barabara. Ngozi ya mchwa ni laini, akikaa kwenye jua na upepo anakauka, kwa hiyo popote aendapo anajijengea ukumbi wake wenye unyevu na kutembea humo humo. Vibarua wao wengi ni vipofu kabisa. Hebu fikiria: kipofu, mdogo wa kukanyagwa, kamaliza mlango niliouchagua mimi mwenye macho mawili na miwani juu yake. Na mbao hata hawawezi kuzimeng'enya wenyewe! Wapo wanaofuga vijidudu tumboni vya kuwafanyia kazi hiyo, na wapo wanaolima uyoga chini ya ardhi, shamba zima, malighafi ikiwa ni fremu yangu. Malkia wa hawa wakulima anaweza kutaga maelfu ya mayai kwa siku. Nilipomsomea mama watoto habari hizo, alikitazama kile kikopo cha dawa mkononi mwangu, akanitazama mimi, akaenda zake jikoni.

Fundi akaniachia masharti: bomba linalovuja lizibwe, na kuni zilizoegemezwa ukutani ziondolewe, kwa sababu mbao na unyevu pamoja ndio mwaliko wenyewe. Haya, nikaondoa kuni. Chini ya kuni kulikuwa na panya. Na panya aliyevunjiwa makazi anahamia wapi? Wewe jibu.

Panya wa nyumbani anapita kwenye tundu la milimita 6. Sita! Mimi nakwama kwenye mlango wa choo nikibeba ndoo. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo lazima atafune kitu yapungue, na katika vitu vyote vilivyomo ndani ya nyumba hii, yeye moyo wake uko kwenye waya za umeme. Nikatega mtego. Usiku nikamsikia anauzunguka, anaukagua, anaondoka. Jirani akanieleza kwamba panya, hasa wale wakubwa, huogopa kitu kigeni, hivyo niuache mtego na chambo siku kadhaa bila kuutega, mpaka auzoee. Yaani kwanza nimlishe, tujenge imani, ndipo nimsaliti. Mama watoto akasema kwa chambo ninachoweka, hata yeye angehamia nyuma ya kabati.

Sasa penye panya hapakosi mgeni wa tatu. Nilimkuta jioni, kajinyoosha pembeni ya ukuta, ananitazama bila kupepesa. Najua hawezi kupepesa, hana kope, lakini wakati ule nililichukulia kibinafsi. Na najua nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na kwamba ukimpa nafasi anaondoka mwenyewe. Hayo yote niliyakumbuka vizuri sana nikiwa juu ya meza.

Jirani akafika na panga, kamba, wembe na ushauri. Wembe wa kuchanja, kamba ya kufunga mguu, na mdomo wake mwenyewe wa kunyonya sumu, ikitokea. Hapo ilibidi nitulie kidogo na nimkatalie, maana jambo hili si la mzaha: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Aliyeumwa hachanjwi, hanyonywi, hafungwi kamba ya kubana. Anatulizwa, anavuliwa pete na bangili kabla hajavimba, mguu au mkono unaachwa bila kutikisika, na anakimbizwa hospitali. Anakimbizwa kwa gari, simaanishi akimbie mwenyewe. Jirani akanuna, akafunga wembe wake. Nyoka naye wakati tunabishana alikuwa ameshatoka, kwa kutumia upenyo ulioko chini ya fremu ya mlango. Upenyo waliouchonga akina nani? Mchwa. Humu ndani wote wanajuana.

Mbu ni kesi ya usiku. Anayeuma ni jike peke yake, anatafuta damu ya kukuza mayai. Dume anashinda kwenye maua, hana habari na mtu. Na jike anakupata gizani kwa kufuata hewa unayoitoa ukipumua, ndiyo maana anaimba sikioni: kichwa ndicho kinachopumua. Dawa yake ni rahisi, usipumue. Ronald Ross alimpasua mbu mwaka 1897 huko India, akakuta kijidudu cha malaria tumboni mwake, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Mimi nimepasua mbu wengi kuliko yeye, kwa kiganja, gizani, bila hadubini, na sijapewa hata cheti cha ushiriki.

Chandarua ninacho, usinifikirie vibaya. Tatizo ni kwamba mbu wanazaliwa hapa hapa. Kizibo cha chupa kilicholala chali kinawatosha wengine kutagia, na kukiwa na joto, baada ya wiki moja au siku kumi hivi yai limeshakuwa mtu mzima mwenye njaa. Nikasaka vizibo, makopo, sahani za maua, nikamwaga kila tone. Mbu wakaongezeka. Ndipo nikapanda ngazi kuangalia gata la paa: limejaa majani, maji yametuama, mabuu wanacheza humo kwa raha zao. Majani ya nani? Ya mti.

Kabla sijafika kwenye mti, niseme tu kwamba mjusi wa ukutani kapewa kibali cha kudumu na mama watoto, kwa hoja kuwa anakula wadudu. Anawala kweli. Anatembea kwenye dari miguu juu, kwa vinywele vya nyayoni ambavyo macho yetu hayawezi kuviona kimoja kimoja, na kinyesi anakiachia juu ya mto wangu. Wa mama watoto, hapana. Nimeacha kuuliza.

Basi mti. Kila aliyewahi kuniambia "mti ni kivuli" alikuwa amekaa chini yake, si mmiliki wake. Mizizi imeingia kwenye bomba la maji machafu, kwa sababu bomba likipasuka kidogo tu, mizizi inafuata unyevu na kujaa humo ndani. Na huko juu kuna suala la radi. Mvua ikianza mimi ni mtu wa kuhesabu: umeme ukimulika nahesabu sekunde mpaka ngurumo isikike, kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Wenzangu wamelala, mimi niko kitandani nafanya hesabu. Ule mwali joto lake linafika nyuzi 30,000 hivi za Selsiasi, mara tano ya uso wa jua, na unapenda kitu kirefu. Kitu kirefu kuliko vyote mtaani kimesimama hatua chache kutoka dirishani kwangu. Nikasema mti ukatwe.

Kwa mara ya kwanza katika mambo haya yote mama watoto akaniunga mkono. Akaja fundi na chenso yake, mtu wa kifua, kofia ngumu, maneno machache. Akaiwasha, akausogelea mti, chombo kikagusa shina. Ikatoka sauti nyingine, si ya chenso.

Shina, kumbe, liko wazi ndani. Mchwa walishalichimba zamani, wakahama, na kwa uungwana wao wakawaachia nyuki. Sasa nyuki mmoja akichoma huachia harufu ya kuwaita wenzake, harufu inayofanana na ndizi mbivu, na wenzake hawaulizi kuna nini, wanakuja. Fundi aliisikia ile harufu, nadhani, kwa sababu alifika kwenye gari lake kabla ya kofia yake kuanguka chini. Mimi nilipitia dirishani. Ushauri nilioufuata ni ule sahihi: usipungepunge mikono, usijitupe majini, kimbia moja kwa moja mpaka ndani, ufunge.

Tukawasiliana kwa simu, yeye ndani ya gari na vioo vimepandishwa, mimi nyuma ya pazia. Akasema kazi ya nyuki si kazi yake, nitafute mfugaji nyuki aje awahamishe taratibu, jioni wakishatulia. Nikakubali. Akasema sasa nikamchukulie chenso yake.

"Nikakuchukulie?"

"Si iko kwenye kiwanja chako?"

"Kiwanja changu wapi?" nikamwambia. "Mimi humu napanga tu."

Mama watoto akapaza sauti kutoka jikoni: "Baba Zawadi, mmeshamaliza huko? Mbona bado inanguruma?"