Kukata Kiambishi: Njia Nzuri Inayokwama kwenye Maneno Makongwe

Walimu wengi wa Kiingereza hufundisha msamiati kwa kukata: ondoa "un-", "in-" au "dis-", tazama mzizi uliobaki, kisha kanusha maana yake. Kwa "unfair" au "invisible" njia hii haina kasoro, na mwanafunzi anayejua mzizi mmoja huvuna maneno kadhaa. Anayeitetea ana haki.

Lakini chukua "uncouth". Katika Kiingereza cha Kale "uncuth" ilimaanisha kisichojulikana, kutokana na kitenzi "cunnan", kujua. Kisichojulikana kikawa cha ajabu, na baadaye mtu asiye na adabu. Akikata leo, mwanafunzi anabaki na "couth", neno lililofufuliwa mwishoni mwa karne ya 19, tena kwa mzaha. "Unkempt" nalo limebeba "kempt", yaani nywele zilizochanwa, la kitenzi cha zamani "kemb" ambacho nafasi yake ilichukuliwa na "comb".

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba "un-" ni moja. Asili yake ni mbili. Ya "unwise" hukanusha. Ya "untie" hutengua tendo, kama kauli yetu ya kutendua inavyotoa "fungua" kwenye "funga". Zaidi ya hapo, ile ya kukanusha iliweza zamani kumaanisha ubaya: "unweder" haikuwa kukosa hali ya hewa, ilikuwa hali mbaya ya hewa. Ndiyo maana mfalme Æthelred, aliyeanza kutawala Uingereza mwaka 978, anaonewa anapoitwa "Unready", kana kwamba hakuwa tayari. Lakabu yake "Unræd" ilimaanisha shauri baya, ikicheza na jina lake lenye maana ya shauri la kiungwana.

"Dis-" ya "disgruntled" haikanushi kabisa. Inatia mkazo juu ya "gruntle", kunung'unika. Na "in-" ya "inflammable" inatokana na kitenzi cha Kilatini "inflammare", kuwasha moto. Hapa kukata kunaweza kuua: anayesoma "kisichoshika moto" atasogeza jiko karibu na pipa. Kwa hofu hiyo, nchini Marekani chama cha kinga ya moto NFPA kilianza miaka ya 1920 kuhimiza "flammable", lenye maana ileile ya kinachoshika moto, litumike badala yake.

Watetezi husema maneno ya namna hii ni machache. Ni kweli, na hata historia yake husaidia kumbukumbu: aliyeambiwa habari ya kuchana nywele hasahau "unkempt". Hata hivyo mwanafunzi hana alama ya kumwonya kwamba neno lililo mbele yake ni mojawapo ya hayo machache. Kwa hiyo kukata kuwe dhana ya kupimwa. Kwanza atafute mzizi peke yake kwenye kamusi. Usipokuwepo, au ukiwa na alama ya neno la kale au la mzaha, alijifunze neno zima. Ukiwepo, asome sehemu ya asili ya neno aone kiambishi kimetoka lugha gani na kilifanya kazi gani. "Inflammable" isisubiri hatua hizo. Ifundishwe mapema, pamoja na kinyume chake halisi, "non-flammable".