Mikono Isiyo na Majina: Urithi wa Watu Weusi Kanisani

Katika sakafu ya Westminster Abbey, London, kuna jiwe la kaburi la David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti. Maandishi yake yanaanza kwa kusema aliletwa hapo na mikono aminifu, kwa nchi kavu na kwa bahari. Mikono ya nani? Jiwe halisemi. Walikuwa watumishi wake Waafrika, Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao, ambao Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo mwaka 1873 waliukausha mwili wake juani, wakaufunga ndani ya gome la mti, wakaubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo. Wainwright, Myao aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa na wamisionari huko Nasik, India, alikuwa miongoni mwa waliosindikiza jeneza siku ya mazishi, Aprili 1874. Chuma na Susi walifika Uingereza mazishi yamekwisha.

Nimeanza na jiwe hilo kwa sababu kila Oktoba, mwezi ambao Waingereza huadhimisha historia ya watu weusi, swali hurudi katika parokia za Kianglikana: kuna haja gani ya Jumapili ya kusherehekea urithi wa watu weusi?

Wanaopinga si wabaguzi wote. Wapo wanaoshika Wagalatia 3:28: ndani ya Kristo hakuna Myahudi wala Myunani, basi rangi ya ngozi iletwe madhabahuni ya nini? Naiheshimu hoja hiyo, ila historia inaibana. Waanglikana waliohamia Uingereza kutoka Karibi baada ya meli ya Windrush kutia nanga Tilbury mwaka 1948 walikuwa wamebatizwa na kupata kipaimara katika imani hiyohiyo. Bado wapo walioambiwa mlangoni, baada ya ibada, wasirudi tena. Wagalatia ilikuwa inasomwa siku zote hizo. Sinodi Kuu, yaani bunge la Kanisa la Uingereza, ilikuja kuomba radhi Februari 2020, na Askofu Mkuu wa wakati huo, Justin Welby, akakiri kwamba anaona aibu.

Pingamizi linalonisumbua zaidi linatoka kwa waumini weusi wenyewe. Wanasema sherehe ni nyepesi mno. Akina mama wanavaa vitenge, ngoma inapigwa, ukumbini kuna pilau na kuku wa Kijamaika, picha zinapigwa, na wiki inayofuata baraza la parokia linakaa na watu walewale. Ripoti ya kanisa ya mwaka 2021 ilitoa mapendekezo 47 kuhusu ubaguzi, nayo yanadai uteuzi, mafunzo na fedha. Januari 2023 wasimamizi wa mali za kanisa walitenga pauni milioni 100, baada ya kubainika kwamba mfuko wa Queen Anne's Bounty, ulioanzishwa mwaka 1704, uliwekeza katika kampuni iliyosafirisha watumwa. Watu wanaodai haki ya namna hiyo wana sababu ya kuchoka kupewa chakula cha mchana.

Hata hivyo sitaki Jumapili hiyo ifutwe. John Sentamu, mzaliwa wa Uganda, aliposimikwa kuwa Askofu Mkuu wa York mwaka 2005, alipiga ngoma kwa mikono yake mwenyewe ndani ya kanisa kuu. Ngoma ile haikuwa burudani ya mgeni, maana mpigaji ndiye aliyekabidhiwa jimbo. Wilfred Wood wa Barbados alimtangulia mwaka 1985 kama askofu wa kwanza mweusi katika Kanisa la Uingereza, na mwaka 2019 Rose Hudson-Wilkin, mzaliwa wa Jamaika, akawa askofu wa Dover.

Kasoro ninayoiona ni kwamba sherehe nyingi humweka mtu mweusi kama mgeni aliyekuja na zawadi za utamaduni wake, ilhali kanisa hili yeye pia amelijenga. Susi alibatizwa Zanzibar mwaka 1886. Cecil Majaliwa alipewa upadri hukohuko mwaka 1890, akahudumu miongoni mwa Wayao kusini mwa Tanzania ya leo. Ni Waanglikana wangapi wa London, au hata wa Dar es Salaam, waliowahi kuwasikia wakitajwa kwenye sala?

Basi Oktoba wasomwe kwa majina, na pale Abbey mtu asimame kando ya jiwe lile awataje wabebaji mmoja mmoja. Wainwright aliacha shajara ya safari ile, kwa mwandiko wake mwenyewe.