Kivinjari Kikigoma Kujaza Nywila, Waulizwe Wenye Tovuti

Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, kikishindwa kujaza nywila kilizozihifadhi, wengi hukilaumu chenyewe. Naona mara nyingi lawama hiyo inamwangukia asiyehusika. Kivinjari hakiuoni ukurasa kama tunavyouona sisi. Kinapekua HTML, yaani msimbo unaoujenga ukurasa, kinatafuta kisanduku cha nywila, kisha kinakisia kwamba kisanduku kilichotangulia ni cha jina la mtumiaji. Aliyeujenga ukurasa akizivuruga dalili hizo, kitajua wapi?

Na njia za kuzivuruga ni nyingi. Kuna tovuti zinazoomba barua pepe kwanza, halafu nywila kwenye ukurasa mwingine. Kuna zinazobadilisha majina ya visanduku kila ukurasa unapofunguliwa, na nyingine huificha fomu ndani ya fremu, yaani ukurasa mdogo uliopachikwa ndani ya mwingine, yenye anwani tofauti kabisa. Inayoniudhi zaidi ni ile fomu inayojaa vizuri, nukta nyeusi za nywila unaziona, lakini kitufe cha kuingia kimebaki kijivu. Programu ya ukurasa ilikuwa ikisubiri vidole viguse kibodi. Kwa kuwa havikugusa, inaamini kisanduku ni kitupu. Inabidi uongeze herufi moja na kuifuta, ndipo kitufe kizinduke. Asiyeijua hila hiyo atafuta kila kitu na kuanza kuandika kwa mkono, na mtu anayeandika nywila kwa mkono kila siku atachagua nywila fupi, kisha ataitumia hiyohiyo kila mahali.

Mengine hufanywa kwa makusudi. Sifa ya HTML iitwayo autocomplete, inayokielekeza kivinjari kuhusu kujaza kisanduku, ililetwa na Microsoft katika Internet Explorer 5, mwaka 1999, na wenye tovuti wakazoea kuiandikia "off" (zima) kwenye fomu za kuingilia wakiamini wanawalinda wateja. Baadaye vivinjari vikubwa viliacha kuitii amri hiyo kwa upande wa nywila, na vilifanya vyema. Lakini imani yenyewe haikufa: bado tunakutana na kurasa zinazozuia hata kubandika nywila uliyoinakili. Wakati huohuo, sifa hiyohiyo ingeweza kumaliza tatizo. Ukiandika "username" kwenye kisanduku cha kwanza na "current-password" kwenye cha pili, kivinjari hakihitaji tena kukisia. Ni kazi ya dakika chache.

Kinachonikera hasa si usumbufu, ni usalama. Kabla ya kujaza nywila, kivinjari hulinganisha anwani ya tovuti na ile iliyohifadhiwa. Tapeli akitengeneza ukurasa unaofanana na wa benki yako kwa rangi na nembo, akabadilisha herufi moja tu kwenye anwani, jicho lako linaweza kudanganyika, kivinjari hakidanganyiki. Kitanyamaza, na kimya hicho ni onyo. Sasa, kama tovuti halali nazo zinakifanya kinyamaze kila mara, mtumiaji atalitambuaje onyo la kweli? Ameshazoea kuifungua orodha ya nywila, kunakili na kubandika bila kutazama anwani. Siku ya tapeli atafanya vivyo hivyo.

Wataalamu wameshalisema. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, wa mwaka 2017 kuhusu utambulisho wa kidijitali ulishauri watumiaji waruhusiwe kubandika nywila, kwa sababu hilo hurahisisha matumizi ya programu za kuzitunza. Kwa hiyo kampuni inayozuia kubandika kwa jina la usalama haina pa kujifichia.

Mimi nikikutana na fomu isiyojazwa, kwanza naikagua anwani herufi kwa herufi. Nikiridhika, naingia, kisha nawaandikia huduma kwa wateja: kisanduku kipi kimegoma, kivinjari ni kipi, toleo lipi. Naomba ujumbe ufikishwe kwa watengenezaji wa tovuti. Baadhi hurekebisha. Wanaonijibu kwamba nibadilishe kivinjari, nawaandikia tena.