Miaka 80 Haisubiri Bunge

Jumapili moja Agosti 2025, dada yangu alitoa bahasha kwenye mkoba akaniwekea mezani. "Hebu nisomee, mdogo wangu. Wewe barua zao umezizoea." Hatukuzaliwa tumbo moja, ndiye aliyenipokea nilipofika Uingereza, akanilaza kwenye kochi lake miezi minne. Fleti ile ile, kochi lile lile.

Barua ilitoka kwa mwenye ardhi, ikitaja bei ya kumwongezea muda wa mkataba. Maana huku fleti nyingi hununuliwa kwa lizi: unanunua haki ya kukaa kwa miaka iliyoandikwa kwenye mkataba, ardhi inabaki ya mwenyewe. Nikamwomba mkataba wenyewe. Ukurasa wa pili, chini ya alama ya kikombe cha chai, uliandikwa: miaka 99 kuanzia 24 Juni 2006. Tukahesabu pamoja, yeye kwa vidole, mimi kwa kalamu. 24 Juni 2025 ilikuwa imebaki miaka 80 kamili. Tulikuwa tumechelewa kwa wiki chache tu.

Wenye fleti za lizi wanajua maana ya kushuka chini ya 80. Hapo ndipo inapoingia ile wanayoiita "thamani ya ndoa". Chukua mfano: fleti kwa mkataba wake wa sasa inauzika pauni 230,000, na mkataba ukirefushwa itafika 250,000. Hapo pameongezeka pauni 20,000. Tuseme hasara halisi ya mwenye ardhi ni 8,000. Juu ya 80, unamlipa hizo 8,000. Chini ya 80, zile 12,000 zinazobaki, ndizo thamani ya ndoa, mnagawana nusu kwa nusu, kwa hiyo deni lako linakuwa 14,000. Mwenye ardhi hajapaka rangi ukuta, hajabadilisha hata balbu ya ngazini. Siku zimepita, basi.

Na dada hakuwa mzembe. Hili ndilo linaloniuma. Mei 2024 Bunge lilipitisha sheria mpya ya kufuta thamani ya ndoa na kumpa mwenye fleti haki ya kuongeza miaka 990 badala ya 90. Alisikia habari hiyo, akafurahi, akasubiri. Angefanya nini kingine? Mtu akiambiwa dawa ya bei nafuu iko njiani, hakimbilii kununua ya ghali. Lakini sheria kupitishwa ni jambo moja, kuanza kutumika ni jingine. Vifungu vichache vimewashwa: tangu 31 Januari 2025 hulazimiki tena kumiliki fleti miaka miwili kabla ya kudai nyongeza. Vile vinavyogusa bei, hadi leo ninapoandika, vimelala. Wenye ardhi walikwenda mahakamani kuvipinga, na Oktoba 2025 Mahakama Kuu ikaitupa kesi yao. Bado vimelala.

Serikali ikikawia, mwenye ardhi hapotezi kitu. Kila mwezi unaopita unamtajirisha. Anayepungukiwa ni mwenye fleti, na anapungukiwa kwa sababu aliliamini Bunge lake. Ahadi ya namna hiyo inaumiza kuliko kutoahidi kabisa. Kama wangekaa kimya mwaka 2024, dada angetuma notisi yake ya kudai nyongeza mapema 2025, tarehe ya notisi ingegandisha hesabu juu ya 80, na mambo yangekwisha. Walishindwaje kuweka japo kifungu kimoja cha kuwalinda watakaovuka mstari wakati wa kusubiri? Ningependa waziri yeyote wa nyumba aketi meza ile, ausome ule ukurasa wa pili, kisha amweleze dada yangu ana kwa ana.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba baadhi ya wenye ardhi walinunua majengo yao wakiihesabu fedha hii, na kwamba wengine ni mifuko ya pensheni. Sawa. Lakini pensheni ya mzee mmoja isilipwe na muuguzi wa zamu za usiku kama dada yangu.

Kuhusu bei iliyotajwa kwenye barua: usisaini. Ilikuwa ofa ya pembeni, nje ya sheria, inayorudisha mkataba hadi miaka 99 huku kodi ya ardhi, ile anayolipwa mwenye ardhi kila mwaka, ikiendelea kupanda. Kwa njia ya sheria ya zamani ya 1993, ambayo bado ndiyo inayotumika, unapata miaka 90 juu ya iliyobaki, na kodi ya ardhi inashuka hadi punje moja ya pilipili manga, yaani sifuri. Mkishindwana bei, lipo baraza la kuamua. Tafuta mthamini wako mwenyewe. Kwa sasa gharama halali za mthamini na wakili wa mwenye ardhi unazibeba wewe. Hilo nalo sheria mpya iliahidi kulipunguza.

Dada ameamua kutuma notisi sasa hivi, thamani ya ndoa na yote. Anataka kuuza arudi nyumbani, na mkataba ukizidi kufupika benki zitasita kumkopesha mnunuzi.

Jengo la pili, ng'ambo ya maegesho, lilikamilika baadaye; mikataba yao inaanza Juni 2008, kwa hiyo mstari wao ni Juni 2027. Jumamosi iliyopita, akitoka zamu, hata sare hajavua, alipita huko kugonga milango na nakala ya ukurasa wake wa pili mkononi. Aligonga sita. Mitatu ilifunguliwa, na katika hiyo mitatu hakuna aliyejua mkataba wake umebakiza miaka mingapi. Kesho anarudi kwa ile mingine.