Mchezaji anajua zaidi ya panapomuuma

Watengenezaji wengi wa gemu za mtandaoni wana msemo wao: mchezaji anajua panapomuuma, ila hajui dawa. Kwa hiyo malalamiko yake hupokelewa, lakini mapendekezo yake hayapewi uzito. Msemo huo una ukweli ndani yake, nami nitaufikia. Tatizo ni kwamba umegeuka kisingizio cha kutowasikiliza watu ambao wakati mwingine wanaifahamu gemu kuliko walioiunda.

Tazama yaliyotokea kwa GTA Online, gemu ya mtandaoni ya kampuni ya Rockstar. Toleo la kompyuta lilitoka mwaka 2015, na kwa miaka mingi wachezaji walilalamika kwamba gemu inachelewa mno kufunguka. Mwaka 2021 mchezaji mmoja, asiye mwajiriwa wa kampuni na asiye na msimbo asilia (maandishi ya programu yenyewe), aliamua kutafuta chanzo. Kompyuta yake ilichukua kama dakika sita kuingia mtandaoni. Aligundua kwamba muda mwingi uliishia kwenye faili moja ya megabaiti 10 hivi, yenye orodha ya vitu takriban 63,000 vinavyouzwa ndani ya gemu. Kila mara programu iliposoma kipande kidogo cha faili hilo, ilihesabu upya urefu wa maandishi yote yaliyosalia. Kisha kila kitu kilipoingizwa kwenye orodha, kililinganishwa kimoja kimoja na vyote vilivyotangulia, kuhakikisha hakijirudii. Alipoondoa mizunguko hiyo miwili, dakika sita zikawa chini ya mbili. Akayaweka matokeo yake hadharani. Rockstar ilikiri kwamba yuko sahihi, ikamlipa dola 10,000, na marekebisho yakatoka Machi mwaka huohuo.

Hitilafu hainishangazi, kwani hakuna programu isiyo na hitilafu. Kinachonisumbua ni ile miaka karibu sita. Watu walikaa wakikodolea macho skrini ya kusubiri, wakasema, wakarudia kusema, na kinachowachelewesha ni orodha ya bidhaa ambazo kampuni yenyewe ilitaka wanunue! Hapa mchezaji hakuleta maumivu peke yake. Alileta na dawa, tena bila kuombwa.

Mfano wa pili ni wa kukataliwa waziwazi. Mwaka 2013, kwenye BlizzCon, mkutano wa kampuni ya Blizzard na wachezaji wake, mchezaji aliuliza kama gemu yao ya World of Warcraft itapata seva (kompyuta zinazoendesha gemu mtandaoni) za matoleo ya zamani. J. Allen Brack, mmoja wa viongozi wa gemu hiyo, alimjibu kwamba wachezaji wanadhani wanalitaka jambo hilo, kumbe hawalitaki. Agosti 2019 kampuni hiyohiyo ilizindua World of Warcraft Classic, na foleni za kuingia kwenye seva zikawa ndefu kupindukia.

Watengenezaji nao wana hoja nzito. Wanaoandika mapendekezo ni wachache. Anayefurahia gemu huendelea kucheza kimya. Mapendekezo hupingana, na kuongeza nguvu ya silaha moja kunaweza kuvuruga nyingine kumi. Hata kura hazitatui kila kitu. Old School RuneScape, gemu ambayo wachezaji wake huyapigia kura mabadiliko, ilidai asilimia 75 ya kura ili pendekezo lipite, baadaye ikashusha hadi 70. Utaratibu huo umelinda kile ambacho wengi wanakipenda. Lakini mapendekezo ya mapigano baina ya wachezaji yalikwama mara kwa mara, maana wapiga kura wengi hawashiriki mapigano hayo. Wachache wakabaki wanadai maboresho yanayoamuliwa na watu ambao hayawahusu.

Namna ya kuandika nayo ina uzito wake. "Ongezeni nguvu ya upinde" ni sentensi isiyomsaidia mbunifu. "Nikiwa mbali, mshale unachelewa kufika, adui ameshahama" inampa njia kadhaa: aharakishe mshale, apunguze kasi ya adui, au abadilishe uwanja. Lakini mchezaji atajifunzaje kuandika hivyo ikiwa hajawahi kujibiwa hata mara moja?

EVE Online, gemu ya vyombo vya angani, ilijaribu kulijibu hilo. Tangu 2008 wachezaji wake huchagua baraza la wawakilishi linalokutana na CCP, kampuni iliyoiunda, hata kusafirishwa hadi Iceland. Baraza haliwezi kuamuru chochote, wala halikuzuia ghasia za 2011, wachezaji walipokasirishwa na mavazi ya kidijitali yaliyouzwa kwa bei ya kushtua. Ila kampuni ilikuwa na watu wa kuwaita. Wawakilishi waliitwa Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, kwa kikao cha dharura, Oktoba mkurugenzi mkuu Hilmar Veigar Pétursson akaomba radhi kwa barua ya wazi, na toleo la Novemba likarudisha kazi kwenye vyombo vya angani, palepale wachezaji walipokuwa wakipadai.