Gavana Aongoze, Washington Ilipe

Januari 2025 Rais Trump alikwenda North Carolina, jimbo lililokuwa bado linazoa vifusi vya Kimbunga Helene cha Septemba iliyotangulia, akasema anafikiria kuivunja FEMA, idara ya serikali kuu inayoshughulikia maafa. Mjadala wa siku nyingi ukafufuka: tufani ikipiga, ni jukumu la jimbo au la Washington?

Wanaotaka majimbo yajitegemee wana hoja. Gavana na watu wake wanajua daraja lipi hufunikwa na maji kwanza. Ofisa aliyetumwa kutoka mji mkuu atahitaji kuonyeshwa. Nakubali. Kinachonishinda ni pale wanaporuka kutoka hapo na kusema basi, kwa kuwa gavana ndiye anayejua njia, na gharama abebe yeye.

Kwanza, majimbo hayajawahi kuwa watazamaji. Kwa Sheria ya Stafford ya 1988, gavana ndiye anayemwandikia rais kueleza kwamba maafa yamezidi uwezo wa jimbo lake. Rais akikubali, serikali kuu hulipa angalau asilimia 75 ya gharama zinazostahili za kuondoa vifusi na kukarabati barabara na majengo ya umma. Zima moto na polisi ni wa huko huko chini, na Walinzi wa Taifa, yaani askari wa akiba wa kila jimbo, kwa kawaida huwa chini ya gavana. FEMA kwa sehemu kubwa huratibu na kulipa.

Kila anayetaka kuisema vibaya Washington hutaja Kimbunga Katrina, na ana haki. Ila Katrina ni kesi yenye washtakiwa wengi. Kimbunga kilitua Jumatatu, tarehe 29 Agosti 2005, na Meya Ray Nagin wa New Orleans alikuwa ametoa amri ya lazima ya kuhama jana yake tu, katika jiji lenye maelfu ya watu wasio na gari. Mabasi ya shule, ambayo yangeweza kuwabeba, yalikuja kupigwa picha yamezama pale pale yalipoegeshwa. Hilo haliwezi kutupiwa Washington. Lakini jiji lilifunikwa kwa takriban asilimia 80 hasa kwa sababu kuta za kuzuia maji zilivunjika, na aliyezisanifu ni Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi, chombo cha serikali kuu. Alhamisi, mkuu wa FEMA, Michael Brown, akasema kwenye televisheni kwamba siku hiyo ndiyo kwanza wamepata habari za watu waliokwama kwenye jumba la mikutano la jiji, watu ambao watazamaji walikwisha kuwaona kwenye skrini. (Kabla ya kuingia FEMA alisimamia waamuzi katika chama cha farasi wa Kiarabu. Sitanii.) Kesho yake Rais Bush akamsifu hadharani kwa kazi nzuri. Wakati huohuo Bush na Gavana Kathleen Blanco wa Louisiana, jimbo la New Orleans, walikuwa wakivutana kuhusu nani awaamrishe Walinzi wa Taifa. Waliokufa kutokana na kimbunga kile walizidi 1,300.

Sioni jinsi kuiondoa FEMA kungemfanya meya aamuru watu wahame mapema zaidi. Naona vizuri, hata hivyo, jinsi kungeliacha jimbo bila fedha za kujenga upya. Karibu majimbo yote yamefungwa na sheria zao yasiwe na bajeti yenye nakisi. Serikali kuu inakopa kila mwaka. Louisiana na Mississippi ni miongoni mwa majimbo maskini zaidi, nayo yako njiani mwa vimbunga. Magavana husaidiana, kweli: majimbo yote 50 yamo kwenye mkataba wa kutumiana waokoaji na vifaa. Lakini jimbo lililosaidiwa hulirudishia gharama lile lililosaidia, kwa hiyo tunarudi palepale kwenye mfuko.

Ugonjwa ninaouona mimi uko kwenye ile barua ya gavana kwa rais. Gavana anaomba, rais anaamua apendavyo. Machi 2025 tonado ziliipiga Arkansas. Ombi la jimbo likakataliwa Aprili. Gavana Sarah Huckabee Sanders, aliyewahi kuwa msemaji wa Trump, akakata rufaa, na Mei likakubaliwa. Sasa gavana asiye na historia hiyo na rais apige simu kwa nani? Na si barabara tu zinazongoja: familia iliyopoteza nyumba haiwezi kupata msaada wa kaya wa FEMA kabla ya rais kutangaza.

Bunge la Congress limnyang'anye rais hiari hiyo. FEMA tayari inapima hasara kwa kila mkazi wa jimbo; kipimo hicho kilianza na dola 1 mwaka 1986. Leo ni mwongozo tu. Kifanywe sheria: hasara ikivuka kiwango, fedha zitoke, awe rais wa chama gani na gavana wa chama gani.

Najua nitaambiwa majimbo yatabweteka. Basi asilimia ya mchango wa serikali kuu ifungwe na maandalizi. Florida, baada ya Kimbunga Andrew cha 1992 kubomoa nyumba zilizojengwa hovyo, iliandika kanuni kali za ujenzi za jimbo zima, zikaanza kutumika 2002. Jimbo la namna hiyo lilipiwe asilimia 90. Linaloruhusu mitaa mipya kwenye mikondo ya mafuriko libaki na 75 yake, na gavana akawaeleze wapiga kura wake kwa nini.