Nikianza kuificha ndo najua inafanya kazi

Kila wiki lazima atokee mtu wa kuniuliza shingoni nimevaa nini. Bodaboda anauliza, mama ntilie anauliza, juzi mlinzi wa geti kaacha kabisa kuandika namba za gari akawa anaichungulia, na mara nyingi swali linakuja na jibu lake, "Bosi, hiyo si ndo hirizi ya biashara?" Maana mtaani wanaamini Mhindi hatajiriki hivihivi, lazima kuna kitu. Mi ningekuwa nimetajirika nisingekuwa naandika hii nimesimama kwenye daladala ya Gongo la Mboto, mkono mmoja kwenye bomba mwingine kwenye simu.

Sio hirizi jamani. Inaitwa kanthi. Ni shanga ndogondogo za mti wa tulsi, nyuzi mbili, zinakaa juu kabisa ya shingo usawa wa kola, hazining'inii kama cheni. Tulsi ni ndugu wa mrehani na kivumbasi, ukilisugua jani lake pua yenyewe itakwambia ni ukoo mmoja, na nyumbani kwetu kuna kopo la tulsi barazani ambalo mama analimwagilia asubuhi kabla hajagusa chai. Kijiti chake kikikauka ndo kinachongwa shanga. Zikiwa mpya zimepauka tu kama mti wowote, alafu jasho la Dar linaanza kuzishughulikia, baada ya mwaka zinakuwa za kahawia na laini kama kokwa ya ukwaju.

Na kabla sijasahau, Mhindi na Mhindu ni vitu viwili. Mhindi ni asili, Mhindu ni dini. Bohora ni Mhindi ila ni Mwislamu, Mgoa anaenda zake kanisani, Singasinga naye ana mambo yake. Wazee wa pwani walikuwa na neno lao la peke yetu Wahindu, Baniani, na methali yake mnaijua, sisi wabaya ila kiatu chetu dawa. Sijawahi kujua nifurahi au ninune.

Sisi nyumbani ni Wagujarati, watu wa Swaminarayan, mwalimu wa dini ya Kihindu. Yeye alifariki 1830, na miaka minne kabla ya hapo, 1826, akiwa Vadtal kule Gujarat, aliwaandikia wafuasi wake waraka wa beti 212 unaoitwa Shikshapatri, jinsi ya kuishi, jinsi ya kula, jinsi ya kukopeshana hela, na humo ndo limo agizo la kuvaa kanthi ya tulsi ya nyuzi mbili. Unapovalishwa unakubali mambo matano, hunywi pombe, huli nyama, huibi, huzini, na unatunza usafi wa mwili na wa unachokula. Nilikuwa na miaka sita. Hilo la nne niliuliza maana yake nini nikaambiwa kula kwanza peda, vile vitamu vya maziwa, na peda zilikuwa nyingi siku hiyo kwahiyo sikuuliza tena.

Sasa niwaambie kitu ambacho sijawahi kumwambia mama, na najua huku hapiti. Nikiwa na miaka kumi na tisa nilianza kutoka usiku na washkaji, tunaenda Upanga kwenye kijiwe cha mishkaki, na mara ya kwanza kabisa, kabla sijaagiza, kabla hata sijakaa, nilifunga kifungo cha juu cha shati. Joto la Januari hilo, moshi wa mkaa unatupiga usoni, mi nimejifunga mpaka kooni kama naenda kufunga ndoa. Muuzaji akanitazama, "Dogo mbona unajinyonga?" Nikamwambia nina mafua.

Mishkaki ilikuwa mitamu, sidanganyi, na nikarudi tena Ijumaa inayofuata. Ila kile kifungo kilinikaa kichwani miaka. Nilikuwa namficha nani? Washkaji hawajali, muuzaji hajui, Mungu kama yupo kifungo hakimzuii kuona. Nilikuwa najificha mimi kwa mimi, na nisingekuwa na kitu shingoni nisingekuwa na cha kufunika, ningekula tu nikaenda zangu.

Hapo ndo msimamo wangu ulipo na nitaubishia popote. Kitu kitakatifu unachovaa hakikulindi, hakikuletei wateja, hakizuii ajali ya bodaboda. Kazi yake ni kukusumbua. Kiwashe, kibane, kiulizwe maswali na walinzi wa geti, kikufanye utafute kifungo. Siku kikiacha kukusumbua basi kimekuwa urembo tu, vua uweke cheni ya dhahabu angalau ina bei.

Sa hivi niko kwenye duka la spea Gerezani na hiyo vita naiona kila siku. Anakuja fundi, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko, anageuza beringi anaikagua, ananiuliza "hii Japani kweli?" na najua fika siyo Japani, boksi lenyewe ndo limeandikwa kijapani, na kabla mdomo haujafunguka mkono wangu ushapanda kwenye kola unaisukuma kanthi ndani. Mkono umenitangulia! Siku hiyo nikaishia kumwambia mzee hii ni ya China ila ni ya China nzuri. Akacheka, akaenda duka la jirani, akauziwa ileile kwa bei ya Japani. Kuna siku nyingine nimesema Japani na kanthi iko ndani ya shati imetulia. Siwezi kuwadanganya kwamba imenifanya mtakatifu, ila haijawahi kuniacha nidanganye bila kujijua.

Najua kuna wa kusema Mungu anakaa moyoni, vitu vya nje vya nini. Hongera kama moyo wako unakumbuka wenyewe. Wangu ukishapata usingizi wa mchana na mechi ya saa kumi haukumbuki kitu.

Bibi yangu, sisi tulimwita Ba, yeye alikuwa na mala, ile ndefu ya shanga 108. Mkiona tasbihi mshaona mala, tofauti ni hesabu na jina la Mungu linalotajwa. Mala yake ilikaa ndani ya kifuko cha kitambaa kinaitwa gaumukhi, maana yake mdomo wa ng'ombe, mkono unaingia humo watu wasione umefika ushanga wa ngapi, kwasababu ukianza kuonyesha hesabu yako kwa watu ushaharibu. Shanga zinasukumwa kwa kidole gumba na cha kati. Kile cha shahada hakigusi, wanasema ndo kidole cha mimi mimi, kidole cha kiburi, kwahiyo kifuko kina tundu lake pembeni kidole hicho kinatolewa nje. Na ukifika kwenye ushanga mkubwa wa mwisho, meru, huuvuki, unageuza mala unarudi ulikotoka.

Sasa Ba, kile kidole kilichotolewa nje kwa sababu ya kiburi, ndo alikuwa anatugombezea nacho. Yuko kwenye kiti chake, mala inazunguka ndani ya kifuko, midomo inachezacheza, macho yako kwenye tamthilia, sisi tunapigana kwenye zulia, na kidole kimetokeza kwenye tundu kinatunyooshea, we, na we, acheni. Hakusimamisha jina hata mara moja. Nishaona maswami, watawa wetu, wengi wanahubiri, hakuna aliyenifundisha dini kuliko kile kidole.

Ghorofa ya juu yetu aliishi mzee mmoja Mbrahmini, tabaka la makuhani wa Kihindu, huyo alikuwa na janoi, ule uzi wa pamba unaotoka bega la kushoto kwenda kiuno cha kulia chini ya shati, unabadilishwa mara moja kwa mwaka siku ya mwezi mpevu wa Shravan, mwezi mmoja wa kalenda ya Kihindu, siku hiyohiyo ya Rakhi dada wanapowafunga kaka zao uzi mkononi. Ukienda msalani unauviringisha sikioni usichafuke, ukimaliza, ukinawa, unaushusha. Mzee wetu alikuwa anasahau kuushusha. Tulikuwa tunamkuta dukani ananunua maziwa na uzi bado uko sikioni, mtaa mzima unajua ametoka wapi. Tulicheka sana, ila leo nikifikiria, huyo mtu alikuwa na kitu kinachomfuata hadi msalani, we una nini kinachokufuata hadi msalani zaidi ya simu?

Walioenda mbali kuliko wote ni Walingayat wa Karnataka, kusini mwa India. Tangu enzi za Basava, karne ya 12, wao Mungu wanatembea naye. Kila mtu ana linga yake ndogo, alama ya Mungu, kijiwe cheusi kinachoenea kiganjani, kinakaa kwenye kikasha shingoni, wenye nacho kinakuwa cha fedha, na wakati wa ibada anakitoa anakiweka kwenye kiganja cha kushoto, anasali hapohapo alipo. Ukiuliza hekalu liko wapi, liko shingoni. Wengine wao wanasema wao sio Wahindu kabisa ni dini yao wenyewe, huo ugomvi mi siuingii, ila wazo lenyewe nalionea wivu.

Wanaonikera ni upande mwingine, na ni wa kwetu wenyewe. Unakuta mtu ana pete nne, kila moja na jiwe la sayari yake, yakuti ya bluu kwa ajili ya Shani yaani Zohali isimletee nuksi, kaambiwa na mnajimu na kalipa hela ambayo ingesomesha mtoto. Au rudraksha. Rudraksha ni kokwa la tunda, mti wake unaota Nepal na Indonesia, tunda lenyewe ni la bluu ukilimenya ndani kuna kokwa lina mikunjo, na jina maana yake jicho la Rudra, yaani mungu Shiva, wanasema ni machozi yake yalidondoka. Kokwa la mistari mitano ndo la kawaida, ni rahisi, wamevaa masadhu, wale watawa wa Kihindu, tele. Lakini watu wanataka la mstari mmoja kwasababu ni adimu na eti linaleta utajiri, basi kuna mafundi kazi yao ni kuchonga la uongo. Chozi la Mungu la feki! Hapo ndo mlinzi wa geti anakuwa sahihi, hiyo ni hirizi, na siwezi kumbishia nikiwa na mjomba wangu mwenye pete nne.

Kuna kesi moja ya Durban naipenda sana. Msichana wa Kihindu asili ya Kusini mwa India alivaa kipini puani shuleni, shule ikasema sheria hairuhusu, mama yake akaenda mahakamani, ikapanda mpaka Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini na mwaka 2007 wakashinda. Kilichonigusa ni kwamba ilikubalika kipini sio faradhi kwenye dini, asipovaa hapati dhambi, na majaji wakasema hata hivyo kinalindwa, kitu ambacho mtu amekichagua kwa hiari kinaweza kuwa na uzito uleule kwake. Mimi shuleni kwetu mwalimu wa nidhamu aliikata kanthi yangu kwa mkasi mbele ya mstari, akasema hapa hakuna ushirikina. Niliokota shanga nikazitia kwenye soksi. Ba alivyoziona hakupiga kelele wala hakwenda shuleni, aliomba tu sindano na uzi wa nguo.

Jana asubuhi imekatika tena, bafuni, uzi ulishaoza na sabuni. Nimepiga magoti kwenye vigae na tochi ya simu. Haitupwi kwenye taka, zilizovunjika unazifukia kwenye kopo la tulsi au unapeleka baharini, nzima zinatungwa upya. Leo dukani nimeshinda na shingo tupu, na amekuja fundi na lile swali lake la Japani, mkono ukapanda kwenye kola haukukuta kitu cha kusukuma ukabaki hapohapo umeshika shingo. Akaniuliza shingo inauma? Mama kasema atanitungia Jumapili. Mbili hazijaonekana mpaka sasa, nadhani zimeingia kwenye tundu la maji.